Kuisoma 5,383,728

Hii ni idadi ya wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam katika Sensa ya 2022. Ndani yake yumo mvuvi wa Kimbiji, kule kusini mwa Kigamboni, kwa uzito uleule wa mwenye duka Kariakoo. Tumezoea kuifupisha tukasema milioni 5.4. Naomba tuisome ilivyo, kama mhakiki anavyousoma utenzi, kwa kuangalia umbo.

Kwa nje haivutii. Ni namba shufwa, basi. Lakini jumlisha tarakimu zake zote: unapata 36. Kwa kuwa 36 inagawanyika kwa 9, namba nzima nayo inagawanyika kwa 9 bila baki. Tarakimu nne za mwisho, 3,728, zinagawanyika kwa 16, na hilo latosha kwa namba yote. Ukishatoa 9 na 16 inabaki 37,387. Igawe kwa 7, unapata 5,341. Kwa 7 tena, 763. Kwa 7 tena, 109, na 109 ni namba tasa, haigawanyiki zaidi.

5,383,728 = 16 × 9 × 343 × 109.

Hiyo 343, yaani 7 × 7 × 7, ndiyo uzuri wake. Katika kila namba 343 zinazofuatana, moja tu ndiyo hugawanyika kwa 343. Hakuna aliyeipanga. Makarani walibisha hodi nyumba hadi nyumba na vishikwambi vyao, wakauliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia 23 Agosti, na saba hizo zikajipanga zenyewe.

Sasa ipasue 5,400,000: ni 2, 3 na 5 tu, na 5 hizo zote zimetoka kwenye sifuri tulizozitia sisi. Ukadiriaji unatuonyesha desturi yetu ya kuhesabu kwa makumi. Watu wenyewe hawamo.

Namba ya taifa, 61,741,120, nayo ina hazina yake: 64 × 5 × 7 × 43 × 641. Wanahisabati wanaiheshimu sana 641. Pierre de Fermat aliamini kwamba 4,294,967,297 ni namba tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kuwa inagawanyika kwa 641, na dai likaanguka. Kigawo kikubwa cha shirika cha Dar na taifa ni 112, na ndani yake imo 7 moja.

Umbo hili linashikiliwa na kila mtu. Laiti Kimbiji ingehesabiwa mtoto mmoja zaidi, tungekuwa na 5,383,729, na 2, 3, 7 na 109 zingeondoka zote kwa mpigo, kwani namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha shirika ila 1. Kigawo tasa kidogo kabisa cha namba hiyo mpya ni 13.