Pongezi kwa Wanaotunza Sauti ya Siti

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Aliuza vyungu: alivibeba kichwani, akapita navyo akiimba kuwaita wateja, na husimuliwa kwamba watu waliijua sauti yake kabla hawajamwona mwenyewe. Mwaka 1911 akahamia mjini, na huko Ali Muhsin akamfundisha muziki. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay pamoja na wapigaji wake, wakarekodi santuri kwa Kiswahili. Taarabu ya kasri la Sultani ilikuwa imezoea kuimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliileta kwenye lugha ya mama ntilie na wachukuzi.

Nawapongeza kwa moyo mkunjufu wote waliomtunza. Mwandishi Shaaban Robert alimfuata Bi Siti angali hai, akamsikiliza, akaandika wasifu wake. Bila kalamu ile tungebaki na santuri zilizochakaa na masimulizi ya barazani. Kisha kuna kitukuu chake, Siti Muharam, ambaye mwaka 2020 alitoa albamu iitwayo Siti of Unguja, akaziimba upya nyimbo za Bi Siti. Inataka ujasiri kusimama mbele ya maikrofoni na nyimbo ambazo wazee wamezizoea kwa sauti nyingine, tena sauti ya aina ile.

Bi Siti alifariki mwaka 1950, lakini sauti yake imebaki kwa sababu wapo walioitunza. Nawe mwenye bibi nyumbani, mrekodi leo kwa simu yako. Muulize alifanya kazi gani na aliimba nini.