Wastani na Picha: Tahakiki ya Makala ya Anscombe

Katika mwaka 1973 Francis Anscombe, mwanatakwimu wa Chuo Kikuu cha Yale, alitoa makala fupi juu ya matumizi ya grafu katika uchunguzi wa takwimu. Shabaha yake ilikuwa kuwapinga wale walioamini kwamba hesabu peke yake ni sahihi, na kwamba picha ni pambo tu. Kwa ajili hiyo alitunga mafungu manne, kila moja likiwa na jozi 11 za nambari, x na y. Katika yote manne wastani wa x ni 9, wastani wa y ni 7.5, na kipimo cha uhusiano wa x na y ni karibu 0.82.

Mafungu hayo yamewekwa ndani ya programu ya R, iliyoanzishwa New Zealand na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika miaka ya 1990. Kila mtu aweza kuyajaribu kwa amri fupi. Amri ya “mean” hutoa wastani, na “cor” hutoa kipimo cha uhusiano. Zote mbili hurudisha majibu yaliyo karibu sawa mara nne. Lakini “plot” ikishachora, ulinganifu huo huvunjika. Fungu la kwanza limetawanyika kandokando ya mstari. La pili limepinda kama upinde. La tatu limenyoka, ila nukta moja imeruka juu. Na katika la nne nukta kumi zimesimama wima mahali pamoja, na ile moja iliyo mbali ndiyo inayouelekeza mstari wote.

Hapana shaka kwamba hoja hii ina nguvu. Walakini wengi wanaoisimulia huipunguza, wakidai kuwa jicho hushinda hesabu. Anscombe hakusema hivyo; alitaka vyote viwili vifanywe. Picha nayo yaweza kupotosha. Amri ya “hist” huchagua yenyewe idadi ya nguzo, isipokuwa mtumiaji ameitaja. Na nguzo zikibadilishwa, takwimu zile zile zaweza kuonyesha kilele kimoja au viwili. Upungufu wa makala yenyewe ni kwamba mafungu hayo manne yalitungwa makusudi, nayo hayaonyeshi ni mara ngapi hitilafu ya namna hiyo hutokea katika takwimu zilizokusanywa.

Kwa wachunguzi wa lugha, jambo hili si la mbali. Katika maandishi marefu ya Kiswahili, maneno machache kama “na”, “ya” na “wa” hurudi mara nyingi sana, hali maneno mengi hutokea mara moja tu. Wastani wa kutokea kwa neno, ukitolewa peke yake, hauelezi kundi la kwanza wala la pili. Atoaye wastani bila ya kuchora amempa msomaji nambari iliyo sahihi, lakini maandishi yenyewe hajayaeleza.