Kiraka au Rekebisho?

Katika baadhi ya tafsiri tulizozipitia kuhusu programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake huachwa wazi ili kila mtu ausome na kuubadili, badiliko dogo la msimbo limeitwa "kiraka". Istilahi hii ni nyepesi, tena ina asili yake: zamani programu zilipotobolewa katika utepe wa karatasi, tundu lililokosewa lilizibwa kwa kipande cha karatasi. Hata hivyo, twaona kuwa inapotosha.

Kiraka hushonwa juu ya nguo iliyochakaa, na mshonaji haombi idhini ya kiwanda. Sivyo mambo yalivyo katika mradi wa kiini cha Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Huko badiliko sharti liwasilishwe kwa msimamizi wa sehemu inayohusika. Lishughulikie jambo moja tu. Lieleze kasoro na sababu ya kuiondoa. Na, tangu mwaka 2004, liwe na mstari ambamo mwandishi anathibitisha kuwa anayo haki ya kulitoa. Wapitiaji huhoji, naye mwandishi hujibu, husahihisha na kuwasilisha tena. Likiridhiwa, hufumwa katika nguo yenyewe, wala si kiraka tena.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Ofisi inayoridhika na kiraka chake hubaki nacho nyumbani; toleo jipya litokapo, hulazimika kukishona upya. Hata tafsiri ya Kiswahili ya programu ni badiliko la namna hiyo: isipopokelewa kule programu inakotoka, toleo linalofuata huja bila Kiswahili.

Kwa hiyo twapendekeza neno "kiraka" litumike kwa badiliko linalobaki kwa mtumiaji, na "rekebisho" kwa lile linalowasilishwa. Mradi unaolipokea uitwe "mradi chimbuko", si "mkondo wa juu", ambayo ni tafsiri sisisi isiyomweleza msomaji lolote. Vitenzi "kuwasilisha", "kupitia" na "kuridhia" tayari vimezoeleka maofisini; hakuna haja ya kubuni vingine.

Istilahi nazo ni mawasilisho. Walimu, wafasiri na watumishi wa serikali watakaoona kasoro katika hizi watuletee sababu zao, nasi tutazirudisha mezani.