Fumbo Lisilofumbuliwa: Tamthilia ya Upelelezi na Kifo cha Naivasha

Makala haya yanakusudia kuchunguza fani moja ya tamthilia za televisheni za Uingereza, yaani zile zinazohusu wapelelezi wanaofufua kesi za mauaji zilizokwisha kusahauliwa, na kuuliza iwapo mtunzi wa Kiswahili anaweza kuichukua fani hiyo bila ya kuibadili. Mfano wetu ni sehemu ya kwanza ya Unforgotten, iliyotungwa na Chris Lang na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2015.

Msuko wake ni sahili. Nyumba kuukuu mjini London inabomolewa, na mifupa ya binadamu inakutwa chini yake. Inspekta Mkuu Cassie Stuart na msaidizi wake, Sunny Khan, wanaanza kazi pasipo jina, pasipo tarehe, pasipo shahidi. Baadaye marehemu anatambulikana kuwa kijana aliyepotea mwaka 1976. Ubora wa tamthilia hii umo katika huruma yake kuliko katika mafumbo yake. Mama mzee aliyemngoja mwanawe kwa karibu miaka 40 anabeba uzito kuliko washukiwa wote.

Hata hivyo, fani hii imejengwa juu ya itikadi isiyotajwa, kwamba ukimya wa zamani ni upungufu wa habari tu. Dola haikujua, sasa imejua, basi haki itatendeka. Mtazamaji haombwi hata mara moja kumshuku yule anayeuliza maswali.

Itikadi hiyo na tuipime kwa kisa kilichotokea katika Bonde la Ufa. Tarehe 24 Agosti 2000, maiti ya Padre John Anthony Kaiser, Mmarekani wa shirika la Mill Hill aliyefika Kenya mwaka 1964, ilikutwa kando ya barabara ya Naivasha na Nakuru, karibu na Morendat, kichwa kimepigwa risasi, na bunduki yake mwenyewe ikiwa papo hapo. Hapakuwa na mifupa ya kutambua. Jina la marehemu lilijulikana siku ile ile, na kazi yake pia. Alikuwa amewahudumia watu waliofukuzwa makwao na kukusanyika katika kambi ya Maela, hadi kambi hiyo ilipovunjwa mwishoni mwa mwaka 1994. Na mwaka 1999 alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi iliyochunguza mapigano ya kikabila.

Yaliyofuata, kwa macho ya mhakiki wa fasihi, ni masimulizi mawili yanayogombania mwili mmoja. Wapelelezi wa FBI wa Marekani, walioshirikishwa katika uchunguzi, walitoa taarifa mwaka 2001 wakisema kwamba padre alijiua. Walimsoma kama mhusika wa riwaya ya kinafsia: sababu ya kifo waliitafuta ndani yake mwenyewe, katika historia ya maradhi yake ya akili na mwenendo wa siku zake za mwisho. Kanisa liliikataa taarifa hiyo. Uchunguzi wa mahakama ulianza mwaka 2003, na tarehe 1 Agosti 2007 hakimu Maureen Odero aliamua kwamba padre aliuawa. Muuaji hakuweza kumtaja. Alitaka upelelezi uanzwe upya. Usomaji huu wa pili ulimrudisha mhusika katika mazingira yake: ardhi, kambi na tume.

Hapo ndipo fani ya London inapogonga mwamba. Tamthilia huanza na maiti isiyo na jina na kumalizikia kwa jina la muuaji. Kisa cha Naivasha kilianza na jina la maiti, na hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani. Habari zilikuwapo tele. Masikio ndiyo yaliyokosekana.

Lugha yenyewe inatupa fununu ya tatizo hili. Kwa Kiswahili, mpelelezi ni yule amtafutaye mkosaji, na pia ni jasusi, yule afuatiliaye mambo ya watu kwa siri. Mtu aliyefukuzwa shambani mwake katika miaka ya 1990 hawezi kulisikia neno hilo kwa utulivu wa mtazamaji wa London. Muhammed Said Abdulla aliliepuka tatizo hili mapema. Bwana Msa wake, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), si askari. Ni raia mwenye kiko, ambaye hufumbua mambo kwa akili na mazungumzo. Lakini hata Bwana Msa humaliza kwa kueleza kila kitu, na wasomaji wakaridhika.

Kwa hiyo twashauri kwamba mtunzi wa Nakuru atakayeijaribu fani hii aanze na shahidi kabla ya kuanza na maiti. Swali la nani aliua lisiachwe, ila litanguliwe na jingine: nani alisema mapema, na nani alikataa kumsikiliza? Sisi tunaofundisha riwaya ya upelelezi tumezoea kulihesabu fumbo lisilofumbuliwa kuwa ni kasoro ya msuko. Kazi itakayoandikwa kwa uaminifu juu ya kifo cha Morendat itakuja na kasoro hiyo hiyo, nasi itatubidi tukiri kwamba kipimo chetu ndicho kilichopungua.