Stopumosheni: kasoro ya kufuta na kasoro ya kuacha

Filamu ya stopumosheni hupigwa picha moja moja: kikaragosi kinasogezwa kidogo, kamera inabonyezwa, kinasogezwa tena. Watazamaji humsifu aliyekisogeza. Lakini sehemu kubwa ya uhai wa kikaragosi huamuliwa mezani kwa mhariri, anayechagua kasoro ipi aifute na ipi aiache.

Tuseme kipande cha sekunde 10 kimepigwa Olmotonyi, kwenye miteremko ya Mlima Meru, palipo na Chuo cha Misitu tangu 1937. Kikaragosi ni bwana miti wa udongo anayeruka gogo la paini, na chumba kina dirisha. Mara nyingi kila picha hushikiliwa kwa fremu 2 kati ya 24 za kila sekunde, yaani picha 12 kwa sekunde, hivyo mhariri anapokea picha 120.

La kwanza la kurekebisha ni kasi. Sinema huenda fremu 24 kwa sekunde, televisheni zetu 25. Picha zilizopangwa kwa 24 zikiingizwa ovyo kwenye mradi wa 25, dakika nzima inabaki sekunde 57.6. Mwendo utaonekana sawa, ila sauti itaachana na midomo. Hili huwekwa sawa kabla ya kukata chochote.

La pili, na gumu zaidi, ni mwanga. Kuna mpepeso wa picha kwa picha, unaoletwa na umeme unaopanda na kushuka, au lenzi isiyofunga tundu lake kwa kipimo kilekile kila mara. Dawa yake ni kuteua picha moja ya rejea, kupima mwanga wa sehemu isiyosogea, kama ukuta, na kuzisawazisha nyingine kwa kipimo hicho. Wingu linaloshuka Meru na kupita dirishani ni jambo jingine: mwanga hupungua polepole katika picha 30 au 40, na marekebisho lazima yaingie polepole vilevile. Jua likishahamisha kivuli sakafuni, hakuna kitufe cha kukirudisha. Ndiyo maana mapazia mazito na taa zisizobadilika vina thamani kuliko programu ghali.

La tatu ni waya unaomshikilia bwana miti akiwa hewani. Picha ya seti tupu, iliyopigwa kwa mwanga uleule na kamera isiyotikisika, inalazwa tabaka la chini. Waya unakatwa tabaka la juu, na ukuta halisi unajitokeza. Kivuli cha waya nacho kikatwe, maana macho hukiona upesi.

Baada ya hapo huja mapigo ya mwendo. Ukishikilia mkao wa kuchuchumaa kwa fremu 6 zaidi, kisha ukaondoa picha moja katikati ya mruko, udongo unapata uzito na nguvu bila kupiga picha mpya.

Je, tufute kila kitu? Filamu mbili za mwaka 2009 zilijibu tofauti. Kwenye Coraline, nyuso ziligawanywa juu na chini ili kubadili hisia, na mstari wa kiungo ukafutwa kwa kompyuta. Kwenye Fantastic Mr. Fox, manyoya yaliyovurugwa na vidole vya wahuishaji yaliachwa yatikisike. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Mkenya Ng'endo Mukii, katika Yellow Fever ya 2012, alitumia pia mbinu ya kupiga watu halisi picha moja moja, na mwendo wa kukatika unaozaliwa na mbinu hiyo hauwezi kulainishwa bila kuiua.

Hukumu yangu ni hii: futa kinachomtoa mtazamaji ndani ya hadithi, yaani mpepeso, waya, kivuli kinachoruka. Alama ya kidole kwenye udongo iache; ni ushahidi wa kazi ya mkono. Vijana wa Arusha mnaoanza, programu ya Blender ni ya bure na inatosha kwa yote haya. Ila kabla hamjavunja seti, pigeni ile picha ya seti tupu, kwa sababu hakuna mhariri atakayeweza kuipiga baadaye.