Maji Kwanza, Kisu Baadaye: Mpangilio wa Masomo ya Mwanzo ya Kunakshi Ngozi

Kunakshi ngozi ni ufundi wa kuchora maua, majani au wanyama juu ya uso wa ngozi kwa kutumia kisu maalumu pamoja na vyuma vidogo vyenye ncha za maumbo mbalimbali, ambavyo hugongwa kwa nyundo hadi mchoro uonekane umeinuka. Nchini Marekani ufundi wa ngozi kwa jumla umekuwa somo la vijana kwa zaidi ya karne moja, kwani chama cha skauti cha huko kiliuingiza katika beji zake za ustadi mwaka 1911, na vilabu vya vijana vya 4-H vinaufundisha hadi leo. Kinachostahili kuchambuliwa ni mpangilio wa masomo yenyewe, maana humo ndimo mwanafunzi hupata moyo wa kuendelea au hukata tamaa.

Ngozi inayochaguliwa huamua mengi. Iliyosindikwa kwa chumvi za kromu, ambayo ndiyo hutumika zaidi katika viatu na mikoba, haifai, kwa sababu hunyumbuka na ikigongwa alama hufifia. Inayofaa ni ile iliyosindikwa kwa tanini, yaani dawa ya asili itokayo katika magome ya miti kama mwaloni na muwati, mti ambao hata Njombe nchini Tanzania hupandwa kwa ajili hiyo. Nyuzi za ngozi ya namna hii zikilowa hulegea na kupokea umbo, na zikikauka hulishika.

Hapo ndipo somo la maji linapoingia, na ndilo somo ambalo walimu wengi hulipitia kwa haraka isiyostahili. Ngozi hupanguswa kwa sifongo yenye maji, kisha huachwa mpaka uso wake uanze kurudia rangi yake ya awali huku ndani ukibaki unyevu, na ikiwekwa shavuni isikike baridi. Ikigongwa ingali imelowa sana, maji huchuruzika kando ya chuma na mchoro hujifunga wenyewe. Ikiwa kavu mno, kisu hukwama na alama hutoka hafifu. Ikiwa katika hali yake sahihi, kila pigo huacha kivuli cha kahawia iliyokolea, na kijana akishakiona kivuli hicho mara moja hahitaji tena kuelezwa kwa maneno.

Kinachofuata ni kisu chenye mpini unaozunguka, ambapo kidole cha shahada hukaa juu na kukandamiza, huku kidole gumba na vingine vikiugeuza ili makali yafuate mkunjo wa jani. Mkato huingia kati ya theluthi na nusu ya unene wa ngozi, na mkono wa pili hukaa mbali na njia ya makali. Kisu kikianza kuburuta, hunolewa juu ya kipande cha ngozi kilichopakwa dawa ya kung'arisha, wala mwanafunzi asiruhusiwe kufidia ubutu kwa nguvu.

Vyuma vya kugonga huja mwisho, na cha kwanza kinachofaa kufundishwa ni kile chenye ncha ya mteremko, ambacho hukandamiza upande mmoja wa mkato ili upande wa pili uonekane umepanda. Husogezwa kidogo kidogo, kila pigo likipanda juu ya lililotangulia, la sivyo ukingo hutoka na ngazi. Ngozi hulazwa juu ya bamba la itale au marumaru, na nyundo huwa ya mbao au ya plastiki ngumu, kwani nyundo ya chuma huharibu vichwa vya vifaa.

Wanaoandaa mafunzo haya wawape vijana mabaki ya ngozi kwa wingi kabla ya kuwakabidhi mkanda au pochi, kwa kuwa mabaki ni rahisi kupatikana, ilhali mstari uliokatwa vibaya haufutiki.