Wino mweusi na daftari la nasaba

Ndugu zangu, mtanisamehe leo nikiacha mambo ya ngeli na tafsiri nikazungumzia wino. Najua wapo watakaosema huyu mzee kachoka, dunia imehamia kwenye simu, yeye bado anahesabu chupa za wino. Haya. Lakini wengi wetu bado tunaandika kwa mkono, na wachache tunaandika Kiswahili kwa khati za Kiarabu, na kwa mtu wa namna hiyo wino si jambo la mapambo.

Kinachonisukuma ni daftari. Jamaa zetu wa Muscat wamenipa kazi ya kunakili upya nasaba ya ukoo, iliyoandikwa katika miaka ya 1970 kwa kalamu ya wino. Kimbunga cha Gonu kilipopiga Oman Juni 2007, maji yaliingia mpaka kabatini. Kurasa sita za daftari lile leo ni doa la samawati tu, husomi kitu. Wino ulikuwa wa kawaida wa dukani, jina lake halina haja. Sasa tazameni: majina ya wake na mabinti, ambayo mwandishi hakuyapa nafasi katikati ya ukurasa, akayatia pembeni kwa penseli, yote yapo! Baba zao ndio waliokwenda na maji.

Sababu yake si ya ajabu. Penseli ni kaboni, na kaboni haiyeyuki. Wino mwingi mweusi wa kalamu ni rangi zilizoyeyushwa ndani ya maji, na kilichoyeyushwa kwa maji hurudi kwa maji. Tena mara nyingi huo weusi wenyewe si weusi, ni rangi mbili tatu zilizochanganywa jicho likadanganyika. Chukueni Quink nyeusi ya Parker, ambayo imekuwapo tangu 1931. Jina lake ni maneno mawili ya Kiingereza yaliyobanwa pamoja, “haraka” na “wino”, manake sifa yake ni kukauka upesi. Wachoraji wanaipenda kwa jambo jingine: ukiipitishia brashi yenye maji inajigawa, samawati inakwenda huku, kahawia inakwenda kule. Kwa mchoraji hiyo ni neema. Kwa anayeandika nani kamzaa nani, ni balaa.

Hata hivyo siipondi. Kwa kazi ya kila siku, kusahihisha insha, kuandika muhtasari wa mkutano usio na maana, orodha ya sokoni, wino wa rangi kama huo ndio wangu. Unateremka vizuri, hauzibi kalamu, ukiisahau wiki mbili unaiosha kwa maji ya bomba na maisha yanaendelea. Na sisi watu wa pwani tusijifanye hatujui heshima ya wino unaofutika. Kombe huandikwa kwa zafarani ndani ya sahani ili lioshwe linywewe. Likigoma kuoshwa halina kazi. Kwa hiyo swali langu si wino upi mzuri, ni wino upi wa kazi ipi.

Kwa daftari nimechagua Platinum Carbon Black, wa Kijapani, ambao ni chembe za kaboni zilizotawanywa ndani ya maji bila kuyeyuka. Wajuzi wa hati za Kiislamu wataona mara moja kwamba hili ni jambo la kale: midadi, wino wa masizi na gundi, ndiyo babu yake. Wajapani wamezisaga chembe mpaka zikaweza kupita kwenye kalamu ya kisasa. Nimeuandikia kurasa za majaribio, nikaziacha zikauke usiku kucha, kisha nikaweka moja chini ya bomba. Karatasi ilianza kulegea kabla maandishi hayajabadilika. Na weusi wake ni weusi kweli, si ule wa kijivu unaokufanya utafute miwani.

Lakini kilichonivutia zaidi ni nukta. Anayeandika kwa herufi za Kilatini hawezi kulihisi hili. Wino ukisambaa kidogo kwenye karatasi rahisi ya kopi, “a” hubaki “a”. Katika khati zetu, nukta mbili zikivimba zinaungana zinakuwa moja nene, na hapo te imeshakuwa nuni. Kwa wanaoandika p kwa nukta tatu ili isichanganywe na b, papa anageuka baba. Marehemu Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, aliyefundisha hapa London, pamoja na P.J.L. Frankl, walichapisha mwaka 1997 mapendekezo ya kuiboresha tahajia ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kazi nzuri sana, na tumeijadili mno. Ila hakuna tahajia itakayosimama juu ya wino unaotambaa. Huu wa kaboni, kwenye karatasi ya gramu 80, kwa ncha nyembamba, nukta zake zinakaa pale pale nilipoziweka.

La pili ni mkono. Tunatoka kulia kwenda kushoto, na wengi wetu tunatumia mkono wa kulia, kwa hiyo kiganja kinafuata nyuma ya kalamu na kinataka kupita juu ya maandishi mabichi. Masaibu ya Mwingereza anayetumia kushoto ndiyo ya kwetu sote. Makatibu wa zamani walijua kuuweka mkono chini ya mstari, sisi wa skuli za juzi hatukufundishwa. Ndiyo maana kasi ya kukauka nnaipa uzito kuliko wanaosifu wino kwa Kiingereza. Carbon Black, kwenye karatasi ya kawaida, hukauka upesi wa kutosha. Kwenye karatasi laini yenye kung'aa subiri, au weka karatasi ya kunyonyea wino chini ya kiganja.

Kasoro anayo, tena si ndogo. Chembe zikikaukia ndani ya kalamu ni kama saruji. Huu si wino wa kutia kwenye kalamu ya zawadi aliyokupa marehemu babako, wala wa kuuacha kalamuni unapokwenda likizo Unguja mwezi mzima. Kalamu inataka kuandika kila siku na kuoshwa mara kwa mara. Asiye na subira hiyo kuna Noodler's Black ya Marekani, ambayo si chembe bali ni rangi inayojifunga na selulosi ya karatasi, na maji hayaitoi ikishashika. Ubaya wake ni kwamba ile iliyobaki juu bila kukutana na nyuzi haikushika kitu, inaweza kupaka kiganja. Kwa hiyo kwetu sisi wa kulia-kwenda-kushoto, hapana.

Mtaniuliza juu ya wino wa msajili. Waliofunga ndoa Uingereza kabla ya Mei 2021, yalipokuwapo madaftari ya ndoa ya kutiwa sahihi, wanaujua: unatoka samawati, kisha unakuwa mweusi kwa kukutana na hewa, kwa sababu ndani yake mna chumvi ya chuma na tanini. Unadumu kweli. Ila una asidi, na hati za zamani zilizoandikwa kwa wino wa jamii hiyo zimo zilizotoboka kwenye mistari. Wa siku hizi ni mpole zaidi, lakini nikiwa na kaboni mkononi sioni kwanini nibahatishe.

Kwa sasa nna kalamu mbili mezani. Ya kaboni ni ya bei rahisi, ya Kichina, nimeifunga uzi mwekundu nisiichanganye na nyingine, na naiosha kila Ijumaa. Nimefika kizazi cha tano. Wake na mabinti safari hii wamo ndani ya mstari, kwa wino ule ule. Zile kurasa sita bado ni tupu, na bibi mmoja wa Nizwa ameahidi kunisomea kwa simu majina anayoyakumbuka, mwezi ujao inshallah.